Kupata kazi si mwisho wa subira

Kwa muda mrefu mazungumzo ya ajira katika jamii yetu yamezunguka swali moja: vijana watapata kazi lini? Mimbari zimelisemea, wazazi wameliombea dua, wanasiasa wameliahidi katika kila uchaguzi. Ni swali la haki, wala hatukusudii kulipunguzia uzito wake. Lakini nyuma yake limejificha swali jingine ambalo ni nadra kulisikia likiulizwa: kijana aliyekaa miaka mitano, sita au minane bila ya ajira, siku anapoipata anaingia vipi humo? Nani anamfundisha kuishi upya na saa, na mkuu wa kazi, na mshahara, na jamaa waliokuwa wakimlisha?

Tunalileta swali hili mbele ya wasomaji kwa sababu jibu lililozoeleka halitoshi. Jibu hilo husema: amepata kazi, basi, Alhamdulillah, matatizo yamekwisha. Hufanywa dua, huchinjwa kuku, na kesho yake kila mmoja hurejea katika shughuli zake akiamini kwamba faili la kijana huyo limefungwa. Baada ya miezi sita husikika minong'ono kuwa fulani ameacha kazi, au kaachishwa, au ana madeni kuliko alipokuwa hana kitu. Hapo watu hushangaa, na wepesi wa kuhukumu husema kijana hana shukurani.

Sisi tunasema kwamba kukosa kazi kwa muda mrefu hakumaliziki siku barua ya ajira inapotoka. Athari zake hubaki katika mwili, katika mazoea, katika mfuko na katika uhusiano wa nyumbani. Mwaka wa kwanza wa kazi, kwa hakika, ni sehemu ya mwisho ya kukosa kazi, na una subira yake. Tena subira hiyo haimhusu kijana peke yake. Inawahusu wazazi, mwajiri na jamii nzima inayomzunguka.

Foleni na urefu wake

Tuanze na hali ilivyo, maana mwenye kuzungumzia dawa bila ya kuutaja ugonjwa huonekana anauza maneno. Ualimu ni mfano ulio karibu na sisi sote hapa Tanzania. Kwa miaka mingi mhitimu wa ualimu alijua kwamba baada ya mtihani wa mwisho atasubiri majina yatangazwe, apangiwe kituo, achukue begi lake aende. Mambo yalibadilika. Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha ajira mpya kupisha uhakiki wa watumishi hewa, na wahitimu wa mwaka mmoja wakawapandia wa mwaka mwingine. Mwaka 2023 zilipotangazwa nafasi 21,200 za ualimu na afya, maombi yalipindukia laki moja. Mapema mwaka 2025 walimu waliitwa kwenye usaili uliosimamiwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na miongoni mwao walikuwamo watu waliomaliza vyuo karibu miaka kumi nyuma, baadhi yao wakiwa na watoto wanaosoma shule za msingi.

Tuutafakari umri huo. Mtu aliyemaliza chuo akiwa na miaka 24 huingia katika kazi yake ya kwanza ya kusomea akiwa na miaka 32 au 33. Mwalimu mkuu wake pengine ni mdogo kwake. Mwenzake wa darasani aliyewahi foleni fupi ameshathibitishwa kazini, amejenga, anazungumzia kupandishwa daraja. Yeye ndiyo kwanza anauliza choo kiko upande gani. Hilo peke yake ni jambo zito la kulibeba, na hatuna budi kulikiri badala ya kumwambia tu ashukuru.

Wala haina maana kwamba miaka yote hiyo alikuwa amelala. Wengi wa vijana hawa waliendesha bodaboda, walisomesha watoto wa jirani jioni, waliuza mitumba, walilima matikiti, walibeba zege. Walifanya kazi, ila hawakuwa na ajira. Tofauti ya mambo haya mawili ndiyo inayowachanganya wengi. Kazi za mtaani zina uhuru wake na dhiki yake: leo unatoka saa kumi na moja alfajiri, kesho hutoki kabisa, leo una elfu thelathini, kesho huna nauli. Ajira ina mpangilio mwingine kabisa, na aliyezoea ule wa kwanza hahamii huu wa pili kwa usiku mmoja.

Yanayobaki mwilini

Athari hii si ya watu wetu tu. Katika nchi ya Austria, karibu na mji wa Vienna, kipo kijiji kiitwacho Marienthal ambacho wakazi wake waliishi kwa kutegemea kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda hicho kilipofungwa kati ya mwaka 1929 na 1930, karibu kijiji kizima kilikosa kazi kwa pamoja. Watafiti vijana, miongoni mwao Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, walikwenda kuchunguza maisha ya watu wale, na mwaka 1933 wakatoa kitabu ambacho hadi leo husomwa na kila anayejishughulisha na suala la ajira.

Waliyoyaona yanastahiki kuzingatiwa. Mtu angedhani kwamba wasio na kazi, kwa kuwa wana muda mwingi, watasoma zaidi. Kumbe vitabu vilivyoazimwa katika maktaba ya kijiji vilipungua kwa karibu nusu. Wanaume walitembea polepole barabarani, wakisimamasimama bila ya sababu. Walipoulizwa wamefanya nini tangu asubuhi, wengi hawakuwa na la kueleza. Saa zilikuwa zimepita na hazikuacha alama. Wanawake, ambao bado walikuwa na nyumba za kuendesha na watoto wa kulisha, walitembea kwa haraka zaidi, kwa kuwa siku zao zilikuwa bado zina umbo.

Funzo tunalolichukua ni kwamba kukosa kazi hakumnyang'anyi mtu fedha pekee. Humnyang'anya umbo la siku. Sasa mtu aliyeishi miaka saba na siku zisizo na umbo, ukimkabidhi ghafla siku yenye saa tisa za kazi, itambana kama kiatu kipya. Atachoka uchovu asioweza kuueleza, ilhali kazi yenyewe ni ya kukaa mezani. Atachelewa, si kwa uvivu, bali kwa kuwa hajajua kwamba daladala ya saa kumi na mbili kamili na ile ya saa kumi na mbili na robo zina tofauti ya nusu saa kufika mjini. Saa nane mchana usingizi utamwelemea. Nyumbani watamwona mkali au mkimya, wakadhani cheo kimempanda kichwani.

Yapo pia ya moyoni. Aliyekataliwa mara nyingi huzoea kukataliwa. Akiitwa na mkuu wake wa kazi, moyo humwenda mbio akidhani anafukuzwa, kumbe anaulizwa funguo ya kabati. Akikosolewa jambo dogo, husikia sauti ya makataa yote aliyopokea miaka iliyopita. Kwa sababu hiyo wengine huogopa kuuliza wasilolijua, wakafanya kwa kubahatisha na kuharibu. Na wengine hujitwisha kazi za ofisi nzima, wa kwanza kuingia na wa mwisho kutoka, mpaka afya ikaanguka. Wote hao wanaendeshwa na hofu moja: kurudi kule walikotoka.

Kwa kijana aliye katika hali hii tunasema: uchovu wa miezi ya mwanzo hautokani na unyonge wako, ni mwili unaojifunza. Lala mapema kuliko ulivyozoea. Ondoka nyumbani nusu saa kabla ya inavyohitajika mpaka uijue njia. Kuwa na daftari dogo, na kila unachoelekezwa kiandike siku hiyohiyo, ili usiulize jambo moja mara tatu. Uliza katika wiki za mwanzo, wakati watu bado wanakutambua kuwa ni mgeni. Baada ya mwaka swali hilohilo litakuwa aibu. Na aliye mdogo kwako kwa umri lakini mkubwa wako kwa kazi, mpe heshima ya nafasi yake bila ya kinyongo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Ujuzi ni mazoea

Wanazuoni wetu waliotangulia hawakulipuuza suala la kuchuma. Imam Muhammad bin al-Hasan al-Shaybani, mwanafunzi wa Abu Hanifa, aliandika kitabu mahsusi juu ya kuchuma, na Imam Ghazali katika Ihya aliitengea adabu za kuchuma na maisha sehemu yake kamili. Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, alilieleza jambo ambalo linamgusa moja kwa moja huyu kijana wetu. Kwake yeye ufundi ni malaka, yaani uwezo uliotulia ndani ya mtu kwa kulirudia tendo mara nyingi mpaka likakaa, na uwezo huo hupatikana vizuri zaidi kwa kumwangalia aliyetangulia akitenda kuliko kwa kuambiwa tu.

Kwa kipimo hicho, cheti ni ushahidi kwamba mtu aliambiwa. Malaka bado. Na hata kile kidogo alichokipata katika mazoezi ya chuoni, miaka ya kukaa bila ya kukitumia imekipunguza. Mwalimu aliyehitimu miaka minane iliyopita hukuta mtaala umebadilika, na mhasibu hukuta hesabu zinafanywa kwa programu ambayo hakuwahi kuiona. Basi asione haya kuwa mwanafunzi tena. Wala asiyatupe aliyoyapata mtaani. Aliyeendesha bodaboda miaka minne anajua kuzungumza na watu wa kila aina, kukadiria hatari na kuhesabu pato la siku. Aliyesomesha watoto uani anajua ni wapi mtoto hukwama katika kugawanya. Hayo ni malaka ya kweli, na mwajiri mwenye busara huyaona.

Mshahara ulioliwa kabla haujafika

Tunafika sasa mahali palipo na maumivu zaidi, nako ni kwenye fedha. Kosa la kwanza hutokana na tarakimu. Kijana husoma katika barua yake kwamba mshahara ni shilingi 700,000, na tarakimu hiyo ikatoka nje ya nyumba kabla ya jua kuchwa. Shangazi ameisikia, mwenye duka ameisikia, na aliyemkopesha nauli ya kwenda kwenye usaili ameisikia. Lakini tufanye hesabu pamoja, kwa viwango vya kodi vilivyoanza Tanzania Bara Julai 2021, kwa mtu aliye katika kampuni binafsi na aliyesoma kwa mkopo wa Serikali.

Mchango wake wa NSSF ni asilimia 10, yaani shilingi 70,000. Inayobaki kwa ajili ya kukadiria kodi ni 630,000, na kodi yake ni 42,000. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, tangu sheria yake ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016, hukata asilimia 15 ya mshahara, ambayo ni 105,000. Jumla ya makato ni 217,000. Kinachoingia mkononi ni 483,000. Karibu theluthi ya ile tarakimu iliyozunguka mtaa mzima haikuwahi kuwa yake.

Shangazi haijui hesabu hii, wala hakuna aliyemweleza. Anachokijua ni kwamba kwa miaka saba alimtumia mtoto huyu chochote alichokuwa nacho, naye sasa ana laki saba. Akijibiwa kwamba fedha hazitoshi, atasema amegeuka. Na kijana, kwa kuogopa kuonekana mchoyo, huahidi asichonacho: ada ya mdogo wake, bati za nyumba ya mama, mtaji wa kaka. Hapo ndipo mlango wa mikopo ya kausha damu unapofunguka. Mtu anakopa laki moja wiki ya pili ya mwezi ili ampelekee mzazi, analipa na nyongeza wiki ya nne, mshahara unapungua, anakopa kubwa zaidi. Ubaya wa riba hatuna haja ya kuurefusha mbele ya wasomaji hawa. Tunachotaka kionekane ni kwamba wengi wanaonaswa katika mtego huo hawakuingia kwa tamaa. Waliingia kwa haya.

Ipo na dhiki ya mwezi wa kwanza wenyewe. Kazi huanza leo, mshahara huja mwisho wa mwezi, na kwa mtumishi mpya wa umma unaweza kuchelewa zaidi mpaka taarifa zake ziingie kwenye mfumo. Katika siku hizo anatakiwa awe na nauli ya kila siku, viatu vya heshima, chakula cha mchana, na kama kituo ni cha mbali, chumba ambacho mwenyewe anataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Mtu aliyekuwa hana kitu jana atavitoa wapi vyote hivyo? Tumezoea kusema kwamba kazi huondoa umasikini. Ni kweli, lakini siku 30 za mwanzo kazi huudai umasikini gharama kabla ya kuuondoa.

Ushauri wetu katika mlango huu ni wa aina tatu. Kwanza, kijana akishapata karatasi yake ya mshahara wa kwanza, aketi na wazazi wake na awaoneshe. Asiwatajie kwa mdomo. Wao waione, mstari kwa mstari. Mzazi aliyeona kwa macho yake makato ya 217,000 hawezi tena kupanga matumizi ya 700,000, na atakuwa wakili wa mwanawe mbele ya jamaa wengine. Pili, aorodheshe madeni ya miaka ya kusubiri, yote, hata la sukari ya dukani, kisha awaendee wenye madeni kabla hawajamfuata, awape tarehe na kiasi anachokiweza. Dawa ya deni ni kulipa, na mwenye kudai akishapewa tarehe ya kweli hutulia. Tatu, kile anachowapa wazazi kiwe kidogo kinachodumu. Shilingi 40,000 isiyokosa kila mwezi ina heshima kubwa kuliko laki mbili ya mwezi mmoja inayofuatiwa na miezi mitano ya visingizio.

Nyumbani na kijiweni

Wazazi nao wana sehemu yao. Tunawaomba wampe kijana nafasi ya kupumua kwa muda wa miezi sita. Wasimhesabie kila alichokula alipokuwa hana kazi. Malezi ya wakati wa dhiki yana malipo yake kwa Mola, na anayeyageuza kuwa hati ya madai huipunguza thamani sadaka yake mwenyewe. Vilevile wasimharakishe katika ndoa au ujenzi kwa hoja kwamba umri umekwenda. Umri umekwenda kweli, lakini miguu ndiyo kwanza imekanyaga chini.

Tunataka hapa tuseme neno kuhusu dada zetu. Mwanamke aliyekaa nyumbani miaka mingi kisha akapata kazi yake ya kwanza hukutana na yote tuliyoyataja, na juu yake hukuta kazi za nyumbani zikimsubiri zilezile. Huamka saa kumi usiku kupika, kuosha na kuandaa watoto, akaingia kazini akiwa ameshachoka, na jioni akarejea kwenye zamu ya pili. Mume anayefurahia mchango wa mke katika kodi ya nyumba, lakini haoni kuwa na yeye anaweza kumvalisha mtoto sare ya shule, amechukua faida na kuacha mzigo. Kama mapato yamekuwa ya wawili, kazi za nyumba nazo zigawanywe.

Kisha wapo wenzake aliowaacha kijiweni. Walikula naye mihogo, walichangiana vocha, walipeana habari za nafasi za kazi. Akipita sasa na shati lake limepigwa pasi, baadhi watamkejeli, na yeye atabadilisha njia. Pande zote mbili zinakosea. Aliyepata asiwakimbie, awaeleze usaili uliulizwa nini, awasomee barua zao za maombi, awaambie nafasi inapotokea. Na waliobaki wasimfanye benki. Riziki ya mwenzao haikukatwa kutoka katika fungu lao.

Wajibu wa mwajiri

Waajiri wengi hulalamika kwamba vijana wa siku hizi hawadumu kazini. Malalamiko hayo yana ukweli ndani yake, lakini yasifanywe pazia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, ilimtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi anapoanza, na iliweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki. Sheria hiyohiyo ilipotungwa iliwaacha nje ya kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki wale ambao hawajatimiza miezi sita kazini. Maana yake ni kwamba katika miezi ambayo mgeni ni dhaifu zaidi, ndiyo miezi ambayo kinga yake ni nyembamba zaidi. Wapo wanaoutumia mwanya huo kumchukua kijana, kumtumia miezi mitano, kisha kumwambia hakufaulu majaribio na kumleta mwingine. Hiyo ni dhuluma hata kama haina kesi mahakamani.

Hatuwezi kulisema hili kwa wenye viwanda tukanyamaza kwa wenye shule na taasisi za dini. Zipo madrasa na shule ambazo humchukua kijana mwenye elimu nzuri, zikamfundishisha madarasa manne, zikamlipa pale michango inapopatikana, na akiuliza barua ya ajira akaambiwa kwamba yeye anajitolea kwa ajili ya dini. Kujitolea ni ibada pale anayejitolea anapochagua mwenyewe. Anapochaguliwa na mwingine, jina lake ni jingine. Kijana ambaye kazi yake ya kwanza imemfundisha kwamba watu wa dini hawaandiki wala hawalipi kwa wakati atabeba funzo hilo maisha yake yote, na ni nani atakayeulizwa juu yake?

Kwa upande wa pili, mfanyakazi naye ana amana. Saa za mwajiri si zake. Ruhusa ya swala aiombe mapema na kwa uwazi, ikiwamo ile ya Ijumaa, na akishapewa aitumie kwa swala na arejee. Anayegeuza dakika 15 za Adhuhuri kuwa saa nzima ya gumzo nje ya msikiti humfungia mlango mwenzake atakayeajiriwa baada yake.

Awepo mwenyeji

Wanafunzi wa sira wanakijua kisa cha Abdurrahman bin Auf alipohama Makka na kufika Madina bila ya mali. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimuunganisha udugu na Saad bin Rabii, naye Saad akajitolea kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman alimuombea baraka katika mali hiyo, hakuichukua, akaomba aoneshwe soko lilipo. Akaanza na jibini kavu na samli, na baadaye akawa miongoni mwa matajiri wa mji. Kisa hiki husimuliwa sana kwa vijana ili wajitegemee, na ni sahihi. Lakini husahauliwa kwamba Abdurrahman alipata mwenyeji kabla ya kupata soko. Alikuwapo mtu wa kumuuliza njia, na nyumba ya kulala mpaka biashara ikasimama.

Kwa msingi huo tunatoa mapendekezo mawili kwa kila msikiti na kila jumuiya inayosoma kurasa hizi. La kwanza, uwekwe mfuko mdogo wa mkopo mwema usio na riba kwa ajili ya mwezi wa kwanza wa kazi tu. Mwombaji alete barua yake ya ajira. Apewe cha nauli, cha chakula na sehemu ya kodi ya chumba. Arejeshe kwa miezi sita bila ya nyongeza, na fedha hizo zimwendee anayefuata. Watu 20 wakichanga shilingi 10,000 kila mmoja, laki mbili zinatosha kumvusha kijana mmoja, na zikirejeshwa zitamvusha wa pili. La pili, kila anayeanza kazi apangiwe mwenyeji, mtu wa fani yake au iliyo karibu, mwenye miaka miwili au mitatu kazini, wakutane mara moja kwa wiki katika miezi mitatu ya mwanzo. Asimhutubie. Amuulize tu wiki imekwendaje, amsikilize, amwambie lipi ni la kawaida na lipi si la kawaida.

Mambo haya hayahitaji mfadhili, jengo wala sherehe ya uzinduzi. Yanahitaji orodha ya majina, mtunza fedha mwaminifu na watu wachache wenye dakika 30 baada ya Alasiri. Tumewaombea dua vijana hawa miaka yote waliyokuwa katika foleni. Sasa wanapoanza kuingia mlangoni, mmoja hapa na mmoja pale, tusiwaache wajikwae kizingitini.

Wabillahi tawfiq.